Huenda

Karatasi imebandikwa mlangoni pa ngazi
kwa solusheni yangu mwenyewe, ile ya viraka vya tyubu;
walikuja kuiazima asubuhi, sikuuliza ya nini.
"Huenda Studio Nyenje isitengeneze filamu nyingine."
Mstari mmoja. Hata tarehe hawakutia.

Mimi nauza spoku na cheni, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
na kwa miaka kumi na tisa dari yangu ndiyo sakafu yao.
Najua mtu akichora amesimama, najua akichora amekaa.
Najua usiku ule walipomfikisha Chekwa juu ya mwinuko wa Pongwe,
Chekwa, baiskeli isiyo mwenyewe, taa moja, tandiko limechanika:
walirukaruka hata vumbi likaniingia kwenye chai.
Sekunde kumi za mwinuko, picha mia na ishirini,
na kila picha ni mkono wa mtu.
Kengele mnayoisikia pale ni ya dukani kwangu.
Niliigonga mara arobaini, Bi Mwanatumu akisema bado,
bado, hiyo ina haraka,
igonge kama unamwamsha mtu unayempenda.

Kufika adhuhuri barabara haipitiki.
Sekiete, fundi wa kuchomelea, kaja na miwani yake ya giza;
hakuivua, na hakuna aliyemuuliza.
Manesi wawili wa Bombo wamesimama na sare zao.
Mmoja anasema mwanawe wa kwanza alitaka aitwe Chekwa,
baba mtu akagoma, cheti kikaandikwa Rukia,
lakini uani, mwite Rukia uone kama ataitika.
Muuza mihogo analaumu serikali.
Kijana wa chuo analaumu kompyuta.
Ngoda, ambaye hasemi mpaka achokozwe, leo hakuchokozwa:
"Nani hapa alilipa kiingilio?
Si mlikuwa mkirushiana kwenye simu, bure,
mkiwa mmelala chali?"
Pakawa kimya.
Mimi nikashika pampu, nikajaza tairi lililokuwa limejaa.

Ndipo Kibibi wa darasa la nne akapenya kati ya miguu,
akasoma kwa sauti, kidole juu ya karatasi:
"Hu-enda."
Akatugeukia kama sisi ndio wanafunzi.
"Mwalimu Shemdoe kasema *hu* ni ya mazoea.
Jua huchwa. Mbuzi hula. Baiskeli huenda.
Basi Nyenje huenda! Mnalia nini?"
Watu walicheka, nesi mmoja akacheka vibaya,
akajifuta kwa kola.
Nilitaka kumwambia mtoto asome mpaka mwisho wa mstari.
Sikumwambia.

Alasiri Bi Mwanatumu akateremka.
Ngazi kumi na nne; leo alizishuka kama anazihesabu.
Kifundo cha mkono wa kulia kimefungwa kitambaa,
kidole gumba kimechungulia, bado kina wino.
Mtu akaanza kupiga makofi, akakosa wa kumfuata, akaacha.
Sekiete ndiye aliyethubutu:
"Bi mkubwa, ile ya mwisho umemwacha Chekwa relini,
kizuizi kimeshuka, treni haijapita.
Atavuka?"
Akamtazama muda. Akamtazama Kibibi.
Kisha akaja kwangu, kana kwamba hakuna umati,
akaniwekea kopo mezani.
"Solusheni yako."
"Imebaki?"
"Kidogo."
Akapanda tena.

Watu walitawanyika wakikokota baiskeli,
hakuna aliyepanda, sijui kwa nini,
barabara nzima ikawa sauti ya meno ya cheni yakirudi nyuma.
Nilifunga duka, nikazima taa, sikuondoka.
Nilikaa gizani juu ya boksi la matairi
na shingo yangu imeelekea darini.
Saa tatu kasoro, kiti kikavutwa.
Mguu mmoja. Wa pili.
Halafu kitu, labda penseli, kikaviringika hadi ukutani,
na mtu akakifuata.

Nimewasikiliza miaka kumi na tisa.
Amekaa au amesimama,
usiku huu sikuweza kujua.